Nyama Niliyompelekea Mama

Nimekaanga nyama ya nguruwe Muleba kwa miaka mingi, nyuma ya baa moja karibu na barabara kuu, pale abiria wa mabasi wanaposhuka kunyoosha miguu na kujikuta wameagiza nusu kilo. Ni kazi yenye harufu isiyotoka hata ukioga mara mbili. Sikuwahi kuionea haya. Kitimoto kilinijengea nyumba ya vyumba viwili na kilimtibu mama macho, na wale walioiita kazi ya kihuni ndio walikuwa wa kwanza kuuliza kama mbavu zimebaki.

Mama anaishi kijijini Kaagya, peke yake, kwenye kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na baba. Kwetu mtoto aliyetoka kutafuta maisha haingii kwa mama yake mikono mitupu. Wengine hubeba sukari au mkate. Mimi nilibeba nyama, kila Jumapili ya pili, nimeifunga kwenye jani la mgomba ili isitokwe na damu ndani ya basi. Na mama hatupi kitu. Maji aliyooshea nyama aliyamwaga kwenye ndoo ya maganda ya ndizi, jani lenyewe akalikatakata humo humo, na ndoo ikaenda bandani kwa nguruwe wake. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa darasa la kwanza. Majirani zetu wote hufanya hivyo, na hakuna aliyewahi kutuambia ni kosa.

Ng'ambo ya mibuni yetu anaishi jirani ambaye mimi humwita mama mdogo, ingawa hatuna damu moja. Yeye na mama waliolewa kijijini hapo mwaka mmoja, na wote wawili ni wajane sasa. Leo walipalilia kwa mama, kesho kwa jirani. Mama akiivisha ndizi, sahani moja ilivuka mibuni kabla yeye mwenyewe hajaonja. Nilipozaliwa, mikono ya jirani huyo ndiyo iliyonipokea. Sijui urafiki mwingine wa namna ile, na ndio maana naandika haya kwa hasira, na mwenye kustahili hasira hiyo ni mimi.

Siku moja nyama ilianza kushuka bei Muleba. Mchuuzi aliyekuwa akiniletea alikuja na mara mbili ya niliyoagiza, tena akibembeleza.

"Watu wana nini, mbona wanauza nguruwe hivi?" nilimuuliza.

"Ada za shule, dada," akasema.

Ilikuwa katikati ya muhula. Nilijua kabisa ni katikati ya muhula, wakati ada zimeshalipwa. Nilinunua yote, na Jumapili iliyofuata nikachagua kipande kilichonona kuliko vyote nikampelekea mama.

Jirani alikuja tukala naye. Baada ya kula alikwenda kuegemea banda, akamtazama jike mkubwa aliyekuwa na mimba.

"Waitu! Huyu atakuzalia kumi na wawili," akasema. Mama akacheka kwa furaha. Ndoo ilikuwa imeshamwagwa kihorini.

Wiki iliyofuata jike alisusa chakula. Masikio yakawa mekundu, kisha zambarau, akalala akihema kwa shida. Alikufa na mimba yake. Wale wengine watatu walimfuata ndani ya siku chache, mmoja akitokwa na damu puani. Mama aliniambia kwa simu, na katikati ya kulia akasema, "Tangu yule amsifu, hajala vizuri." Niliona ni uchungu unaosema, nao utapita.

Karantini ya homa ya nguruwe ikatangazwa. Nguruwe asitoke wala asiingie, nyama isiuzwe. Jiko langu likapoa. Wasichana wawili niliokuwa nimewaajiri nikawarudisha kwao. Wafugaji ambao nguruwe wao walikuwa wazima walibaki wakiwalisha bila kuwa na wa kumuuzia, na wateja wangu wa miaka yote wakahamia kwenye kuku, wakinitazama kama niliyetaka kuwaua.

Afisa mifugo alituita sisi wauza nyama, akatueleza kwa upole. Homa hii haimdhuru binadamu, alisema, lakini kwa nguruwe haina dawa wala chanjo. Inakaa kwenye nyama ya mnyama aliyeuzwa akiwa mgonjwa. Inakaa kwenye damu, kwenye makombo, hata kwenye maji ya kusuuzia. Aliposema maji ya kusuuzia niliikumbuka ndoo ya mama. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa pale pale kwenye benchi, wenzangu wakiendelea kuuliza maswali ya leseni.

Nilipofika Kaagya, mambo yalikuwa yameshaharibika. Mama alikuwa amesema kwenye sala ya jumuiya, tena mbele ya wanawake wote, kwamba jirani ana jicho baya, akikisifu kitu kinakufa. Nguruwe walikuwa wanakufa katika nyumba nyingine pia, na kila mwenye msiba wa banda alikumbuka siku ambayo yule jirani alipita kwake. Wakauliza mbona kwake hakuna aliyekufa. Hakuwahi kufuga nguruwe maisha yake yote, lakini nani alikuwa na muda wa kufikiri hayo?

Nilimkuta mama akimenya ndizi. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: bei iliyoshuka, mchuuzi, ada za katikati ya muhula, jani na maji. Nilisema, "Mama, ni mimi niliyewaua. Mama mdogo hana kosa."

Hakuacha kumenya.

"Ile nyama tulikula wote," akasema. "Mbona sisi hatukufa?"

"Haiwadhuru watu, mama. Afisa ameeleza."

"Mtoto niliyemzaa hawezi kuingia na kifo mlangoni kwangu." Akaniangalia kwa huruma kabisa, na huruma ile iliniumiza kuliko kofi. "Najua una moyo mzuri. Ni yeye amekutuma."

Nilirudia mara ya pili, mara ya tatu. Nilipaza sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Mwisho akaniambia nikachote maji. Kwenye jumuiya nilisema tena, nimesimama, na wanawake wakatikisa vichwa wakimsifu mama kwa kupata binti anayependa amani. Sijawahi kuona watu wazima wakikataa ukweli kwa adabu kiasi kile.

Basi nikavuka mibuni. Kijia kile kilikuwa kimeanza kuota majani. Jirani alikuwa ameketi ndani, mlango umefungwa nusu, mchana kweupe. Alinikaribisha, akanipa kiti, akauliza habari za Muleba. Nikamweleza kama nilivyomweleza mama, bila kuficha hata neno moja. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ameikunja mapajani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umekuja kunifariji."

"Sikufariji, mama mdogo. Nakwambia lililotokea."

Kisha akaniambia kwamba amekuwa akihesabu waliodhurika baada ya yeye kuwatazama. Mbuzi wa shemeji yake, miaka ile. Mtoto wa mwalimu aliyembeba kanisani, akaugua wiki hiyo hiyo. Ng'ombe aliyemsifu kule Kashozi siku ya harusi. Alisema mtu hawezi kuyaona macho yake mwenyewe, kwa hiyo atajuaje kilichomo ndani yake? Siku hizi akipita penye mifugo ya watu anaangalia chini. Wajukuu zake wakija, huwashika mikono bila kuwatazama usoni.

Nilimwambia hapana. Nilimshika mabega nikamwambia hapana, hapana, nikitafuta macho yake, naye akageuza uso ukutani ili nisidhurike.

"Niombee msamaha kwa mama yako," akasema. "Mwambie sikukusudia."

Nikamwambia nitamwombea msamaha.