Mama Pindo na vipimo vilivyofungiwa kabatini

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Pindo ana pini nne mdomoni, futi shingoni na kidole kimoja kwenye kibodi. Anaongea na kompyuta kama anavyoongea na mteja msumbufu.

"Tulia," anaiambia, akiweka tiki. "Koti la mwalimu limekwisha. Nani anafuata?"

Ni fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa sasa, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Jina la utani alipewa na wateja, kwa sababu pindo lake halifumuki.

Zamani kazi zote, pamoja na vipimo vya wateja, aliziandika daftarini. Daftari la kwanza lililowa, la pili likaungua kwa pasi, la tatu likaondoka na mteja ndani ya mfuko wa suruali. Ndipo shemeji yake, fundi kompyuta, akamletea kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux na programu ya kuorodhesha kazi.

"Shemeji, hii haina mbwembwe, kama wewe," alimwambia.

"Mimi sina mbwembwe? Lete hiyo suruali yako niipunguze, uone."

Mama Pindo na kompyuta walielewana vizuri, mpaka Jumatano ya wiki iliyopita.

Siku hiyo orodha ilikuwa na kazi ishirini na tatu, yakiwemo magauni sita ya wasimamizi wa bibi harusi. Wasichana walishapimwa wakarudi makwao, na wangekuja kuyachukua Ijumaa mchana. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Mama Pindo, katika kuchokonoachokonoa, akafungua dirisha la mipangilio. Akakuta mistari mitatu, kila mmoja na tiki yake.

"Mimi tiki naijua," anasema. "Tiki ni kazi iliyokwisha. Nikasema hizi zinajaza nafasi bure, nikazing'oa zote."

Aliporudi kwenye orodha, hola! Hakuna kiuno, hakuna bega.

"Nilisimama na mkasi mbele ya kitambaa. Nikate kwa kukisia? Ukishakata, umekata."

Akampigia shemeji.

"Shemeji, nimeibiwa kazi zangu!"

"Mwizi gani huyo anaiba viuno vya watu?"

"Usinichekeshe, nimeshika mkasi."

Shemeji akamweleza polepole. Mistari ile ni programu-jalizi, yaani vipande vidogo vinavyoongezwa kwenye programu kubwa. Mama Pindo anaviita viraka. Hivyo vitatu ni vya kuhifadhi: kimoja huweka orodha ndani ya kompyuta, cha pili kwenye faili la maandishi, cha tatu kwenye akaunti ya mtandaoni. Ukitoa tiki, programu haitazami tena huko.

"Nguo zimo kabatini," alimwambia. "Umefunga mlango tu. Rudisha tiki ya kwanza."

Akairudisha. Kazi ishirini na tatu zikajipanga kama hazijaenda popote.

"Nilipiga vigelegele mpaka muuza rangi akapanda kuuliza nani anaolewa."

Ijumaa, magauni matano yalikaa sawasawa. La sita lilipwaya kidogo. "Yule alijikondesha mwenyewe," anajitetea. "Kompyuta haihusiki."

Sasa ana mpango. Mdogo wake, naye fundi cherehani, amepata chumba upande wa pili wa mji. Shemeji ameshawafungulia akaunti moja, na asubuhi hii Mama Pindo amewasha kiraka cha tatu kwa mkono wake, akachagua orodha mpya zihifadhiwe huko.

"Yeye apime kule, mimi nikate hapa. Mteja asipande ngazi zangu bure."

Anampigia mdogo wake ajaribu kuandika kazi ya kwanza. Wanasubiri. Mstari unatokea kwenye kioo cha kompyuta: *Gauni la dada. Aje kupimwa. Anashonea watu wote, mwenyewe anavaa lile lile.*

"Mshenzi huyu!" Mama Pindo anacheka mpaka anatema pini. Kisha anageuka, anatazama vitambaa rafuni kwa muda mrefu, safari hii si kwa ajili ya mteja.

"Kile cha zambarau," anasema. "Na mifuko miwili, mikubwa."