Siku Koko Alipompelekea Imamu Huseni Kuni za Matanga

Enzi zetu, pale Bulengera, mtu akifa hakuna aliyetumiwa ujumbe. Ulisikia kilio, ukachukua kuni. Sisi watoto wa Butembo tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma: matangani hakwendwi mikono mitupu. Mwenye maharagi alibeba maharagi, na sisi wadogo tulitwishwa bidoni, yale madumu ya maji, mpaka shingo zikazama mabegani. Ndiyo maana kizazi chetu ni kifupi. Vijana wa leo wamerefuka kwa sababu hata maji ya kuoga wanamwagiza mtu wa pikipiki.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi aliyetulea, alikuwa mkubwa wa akina mama katika kanisa letu la Kiprotestanti. Jirani yetu Mama Zaituni alikuwa Mwislamu, na mumewe aliendesha lori la mizigo kati ya Butembo na Beni, mara nyingine hadi Oicha kufuata kakao. Nyumba hizo mbili ndizo pekee mtaani ambamo usingepata tone la kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa hiyo urafiki wao haukuhitaji maelezo. Koko aliomba chumvi kwake, naye alikuja kuchukua moto kwetu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mabati. Na mandazi yake, jamani! Harufu ya iliki ilivuka ua wa matete ikatuharibia sala ya asubuhi. Koko akisema amina, sisi tulikuwa tumeshafika upande wa pili.

Basi siku moja tulikuwa barabarani tunacheza nzango, ule mchezo wetu sisi wasichana wa kuruka na kurushiana miguu, vumbi jekundu hadi magotini. Tukasikia kilio kwa Mama Zaituni. Koko akachungulia juu ya ua, akaona akina mama wa Kiislamu wamejaa kwenye mikeka, wengine wakipangusa machozi kwa mitandio. Akamwita Zaituni, rafiki yangu wa darasa moja.

"Mutoto, ni nani alikufa kwenu?"

"Ni Imamu Huseni, Koko. Balimuzunguka na jamaa yake yote, bakabanyima mayi, hata batoto. Kisha bakabaua."

"Bakanyima batoto mayi?"

"Ndiyo, Koko. Na muto ilikuwa pale karibu."

Koko hakuuliza zaidi. Kwetu, watu kuzungukwa njiani na kuuawa haikuwa hadithi, ilikuwa habari ya kila juma. Imamu alikuwa safarini, na mto bila shaka ni Semuliki. Hayo aliyajazia mwenyewe.

Mara akina mama wa kanisa, kwa wito wa Koko, wakawa barabarani wanaimba wimbo wa mazishi, vitambaa vyeupe vichwani, nyuma yao chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyojaa kuni ikisukumwa na vijana wawili, na sufuria la maharagi moto mbele. Mimi nilikuwa na bidoni yangu, kama kawaida. Tuliingia uani kwa Mama Zaituni tukilia kwa sauti zote tatu, maana kwaya ile haikujua kulia bila kupanga sauti. Wenyeji walituangalia midomo wazi. Nusu yao walikuwa wamefunga saumu, na sufuria letu lilitua mbele yao likifuka mvuke.

"Pole, mama," Koko akamwambia Mama Zaituni, akamkumbatia. "Mwili iko wapi?"

"Alishazikwa, Koko."

"Lini?"

Mama Zaituni akaliangalia sufuria. "Zamani, Koko. Inapita miaka elfu moja. Kila mwaka, siku hii, tunamulilia."

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akauliza kwa unyenyekevu kama aushushe au arudi nao. Koko akamgeukia.

"Weka kuni chini. Batoto balikufa na kiu. Miaka elfu inapunguza kiu?"

Akaketi mkekani, akataka asimuliwe tangu mwanzo. Tuliondoka jua likizama, Waislamu wakifuturu kwa maharagi yetu.

Jumapili Pasta akamwita mbele ya kanisa lote. Mama mmoja aliyeutamani ukubwa wa Koko siku nyingi alikuwa ameshaeneza kwamba Koko amesilimu, na kitambaa chake sasa ni hijabu. Nilikaa kwenye benchi la watoto. Ukubwa ule ndio uliomsimamisha Koko tangu babu afe. Wakimnyang'anya, nilijua hatainuka tena.

"Mama, donc, tueleze," Pasta alisema, kwa ile "basi" yake ya Kifaransa. "Ulipeleka kanisa kwa matanga ya nani?"

Koko akatengeneza kikwembe chake kiunoni.

"Pasta, mimi nilikosea siku, hapana mutu. Huyu mutu, bakubwa balimuambia: kubali ubaya yetu, utaishi. Akakatala. Bakafunga njia ya muto. Akabeba mutoto wake muchanga, akabaonyesha, akasema: kama muko na hasira na mimi, huyu mumupatie mayi."

Pasta alikuwa amevua miwani.

"Na balimupatia?"

"Balimupiga mushale."

"Ah, hapana!" Pasta akapiga meza. Na wa kwanza kuangua kilio ni yule yule mama wa uvumi, akalia mpaka akashikwa na watu wawili.

Pasta alipopata sauti tena, akatoa hukumu: "Donc, mukubwa wa bamama anabakia. Ila mwaka inayokuja, maharagi ipelekwe jua ikisha kuingia."

Ikawa hivyo kila mwaka, hadi Koko mwenyewe alipofariki, akiwa bado mkubwa wa akina mama.

Siku hizi habari za vifo vya njia ya Beni na Oicha zinatufikia kwenye simu hata chai hatujanywa. Wanangu wanabonyeza kile kisura cha machozi, wanaendelea na mkate. Ninawakumbuka sana Koko na Mama Zaituni, na roho inaniuma. Juzi niliona picha ya mama asiyejulikana aliyeuawa huko, nikalia. Binti yangu akainua macho kwenye simu yake, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, mbona unalia? Alikuwa mutu wetu?"