Mwendo wa Kaseti ya Kaka

Sikwenda kusikiliza muziki, nikuambie ukweli. Nilikwenda kwa mtoto wa mdogo wangu pale Mkomaindo, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, anibadilishie kioo. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akanisogezea stuli, kisha akaendelea na kazi huku spika ikinguruma mlangoni. Makelele ya kibanda kile nimeshayazoea. Singeli inapigwa kutwa nzima, nami najifanya kiziwi. Ila siku ile ulipita muziki mwingine. Ngoma ya mashine, nzito, haina mwimbaji, na juu yake kuna mlio kama wa filimbi unaopanda, unasita, unashuka kabla haujafika juu. Kioo cha simu nikakisahau.

"Huu umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Mambo ya kale haya, shangazi. Techno. Albamu ya mwanzo mwanzo kabisa."

Akanisomea maoni ya watu kwenye simu. Mmoja kaandika kwamba haujazeeka hata kidogo, utadhani umetengenezwa leo asubuhi. Mwingine anasema aliucheza ujana wake na sasa ana wajukuu, lakini ukianza tu miguu inamwasha. Mwenyewe fundi wangu akasema ni mzuri, ila umepoa, una mwendo wa wazee. Sikumlaumu. Mtoto aliyelelewa na singeli kila kitu anakiona kinajikokota. Mimi ulikuwa unanikimbia. Muziki ule nilikuwa naujua ukitembea taratibu, tena ukichechemea, na niliusikia kwa kaka yangu alipokuwa anakufa.

Tulikuwa tunakaa Chilangala, kule Newala juu, ambako maji unayafuata bondeni na kurudi umechoka kuliko punda, au unayavuna kwenye bati kama Mungu amekujalia bati. Utotoni mwangu duka la kijiji lilikuwa na mwenye duka na nzi, basi. Halafu zikaja enzi za ruksa. Sabuni zikarudi, khanga zikarudi, redio za kila rangi zikapangwa kwenye shelfu, na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai. Wanunuzi binafsi wa korosho nao wakaanza kuja na malori yao. Vitu vilijaa tele, tukawa tunavitazama.

Nikifumba macho bado nainusa nyumba yetu. Wakati wa kupulizia mikorosho baba alirudi kutoka shamba akiwa na salfa hadi kwenye kope, tukikohoa wote. Msimu wa kuokota, mabibo yalioza chini ya miti na harufu yake tamu ikakung'ang'ania nguoni. Mama alikuwa anachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye chungu, sisi tumekaa kukizunguka na chumvi mkononi. Hiyo ndiyo raha ninayoikumbuka, na ilikuwa raha kweli.

Kaka alikuwa anauza mitumba Mtwara. Kila alipokuja alishusha furushi, kila mtu akapata chake. Safari ya mwisho alishuka na redio kaseti na koti alilovaa. Koti lilikuwa linamning'inia. Mama alimpokea, akamshika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana. Hakuna aliyeutaja ugonjwa. Siku zile ulikuwa unaitwa "ule ule", na kila mtu alielewa. Jirani yetu, mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, alituletea uji kwa bakuli lake zuri la maua. Nilipotaka kulirudisha akasema, "Kaeni nalo tu." Mama aliposikia aliliosha, akalifunika, hakulitumia tena.

Basi kaka alikuwa na kaseti moja tu. Aliikuta kwenye mfuko wa lile koti, siku alipofungua mtumba. Maandishi yake yalikuwa yamefutika. Akaipeleka kwa rafiki yake aliyepiga muziki kwenye ukumbi wa disko, wakaijaribu mchana kwenye maspika makubwa, ukumbi hauna mtu, wao wawili na ufagio. "Nilicheza mpaka shati likaloa," aliniambia. "Sijawahi kusikia kitu kama kile. Unakwenda mbio, lakini hauchoki."

Nyumbani haukwenda mbio. Akiuweka, ngoma ilikuwa inaanguka kwa kusita, na ile filimbi ililia chini chini kama mtu mwenye mafua. Kaka akakunja uso. "Siyo hivi," akasema. "Siyo hivi kabisa." Tukadhani ni betri. Tukazitoa, tukazianika kwenye ungo pamoja na makopa ya muhogo zipate nguvu ya jua, kama kila mtu alivyofanya kwetu. Nilizigeuza mimi, upande huu na upande huu, kwa uangalifu wa mtu anayekaanga mayai. Hazikusaidia. Mwishowe baba akajikaza akanunua betri mpya, za kwenye karatasi. Kaka akakaa kitako kuzisubiri. Muziki ukaanza, ukaenda vilevile.

Hapo ndipo alipopoteza kesi. Kama betri mpya zimeshindwa, basi muziki wenyewe ndivyo ulivyo, nasi tukaona kwamba homa imempanda kichwani. Fundi wangu wa Mkomaindo ndiye aliyenieleza, juzi tu, kwamba mashine zile zina kamkanda ka mpira ndani, na kakilegea hata uweke betri za moto muziki unajikokota. Kwetu nani aliyajua hayo? Kaka alikuwa anasema kweli, na nyumba nzima tulikuwa tunamwitikia "ndiyo, ndiyo" kwa sauti ile ya kumwitikia mtoto anayeota.

Naye hakutaka kingine. Hakuomba nyama, hakuomba kupelekwa tena hospitali. "Nataka niusikie ulivyo, mara moja," alikuwa ananiambia. "Mara moja, halafu basi." Nilikuwa mdogo, lakini hiyo "basi" niliielewa.

Babu mzaa mama alikuwa mpiga ngoma wa jando, mzee mkali, mwenye meno yaliyochongwa na maneno yaliyochongwa zaidi. Alipoletewa ile kaseti aisikilize aliinamisha sikio kwa heshima zote, kisha akatoa hukumu. "Ngoma hii hawakuipasha moto. Ngozi imelala." Kaka alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuliko kicheko.

Lori la mnunuzi wa korosho lilipokuja, baba alisikia redio kaseti inaimba kwenye kabini. Akaenda kuzungumza na dereva, kijana mchangamfu, naye akasema, "Lete, mzee, tuusikie huo wa kwako." Baba akarudi mbio. Kaka akavaa koti lake, akaegemea bega la baba, wakaivuka ile njia ya mchanga pole pole, mimi nyuma nimeibeba kaseti kwa mikono yote miwili. Dereva alikuwa ameshanyoosha mkono dirishani. Alipomwona kaka, mkono ukarudi kwenye usukani.

"Redio yangu mbovu, mzee," akasema. Nayo inaimba.

Baba hakuwa mtu wa kuomba. Hata chumvi tulikuwa hatuombi. Siku ile alisimama chini ya dirisha la lori, kofia mkononi, akamwambia kijana wa kumzaa, "Nakuomba, baba. Hatapanda. Atasimama hapa hapa chini." Dereva akatazama mbele. Watu wa magunia wakaacha kupakia, wakatutazama. Dereva akapandisha kioo.

"Turudi, baba," kaka akasema. "Jua kali." Miaka imepita, na yule dereva bado simsamehe.

Sijui nani alimwambia babu. Kesho yake alasiri aliingia uani na ngoma yake begani, bila hodi. Akawasha majani makavu, akaipasha ngozi juu ya moto, akaigonga, akaipasha tena mpaka ikalia anavyotaka. Kwetu ngoma haipigwi kwenye nyumba ya mgonjwa wa hali ile. Mama alimkumbusha. Babu akamwambia, "Mtoeni nje."

Tukakitoa kitanda cha kamba, kaka juu yake. Babu akaketi karibu na kichwa chake. "Nionyeshe mwendo wake," akasema. Kaka akaanza kugonga kwa kidole kwenye ubao wa kitanda. Babu akasikiliza, akaingia na ngoma.

"Ongeza, babu."

Akaongeza.

"Bado. Ongeza."

Yule jirani wa bakuli akatokea uani, mikono kiunoni. "Mzee, mnamchezea mtoto kabla hajafa?" Babu hakugeuka. Jasho lilikuwa linamchuruzika mgongoni. Alikuwa mzee, nakuambia, mzee kweli, na mishipa ya mikono ilimsimama kama mizizi. Ngoma ilikuwa inakwenda kasi ambayo sikuwahi kuisikia jandoni wala arusini. Mikono ikaanza kumtetemeka.

"Bado?" akauliza, bila kuinua uso.

Kaka alimtazama mikono. Alimtazama kwa muda. Kisha akaacha kugonga, akalaza kiganja chake juu ya ubao.

"Hapo hapo, babu," akasema. "Ndio wenyewe."

Babu akacheka, meno yake yote nje, akaendelea kupiga mpaka kaka akafumba macho. Hata mama alipiga makofi. Mvua za kwanza hazikumkuta kaka. Tulimzika kwenye ardhi kavu, na waliochimba walikuwa wachache.

Babu aliishi miaka baada yake, na mwendo ule aliugeuza wake. Akiupiga arusini anawaambia watu, huu ni wa mjukuu wangu, wazungu wanaupiga kwa mashine, mimi naupiga kwa mikono, na mwenyewe kathibitisha. Sasa ngoma yake imeliwa na mchwa, na jandoni wanakodi spika. Ile nyumba tumeivunja, mama tukamjengea nyingine hapo hapo. Kilichobaki ni neno moja la mama. Kila tukimtaja kaka, tukafika kwenye koti, kwenye lori, kwenye bakuli, mama husema, "Lakini aliusikia." Neno hilo ndilo linalotulaza familia nzima. Hata mimi nililibeba hadi utu uzima huu.

Pale kibandani nikaweka mkono pajani nikaanza kuupiga mwendo wa babu, ule wa mwisho, alipokuwa anatetemeka. Naujua, nimeusikia arusi ngapi. Nikajaribu kuulinganisha na unaotoka kwenye spika. Ukaniacha. Nikaanza upya, ukaniacha tena, mbali. Babu hakuwa amefika hata karibu. Nikaiona tena ile sura ya kaka anaitazama mikono ya mzee, nikajua alichokuwa anakitazama. Nikalia hapo hapo kwenye stuli, mtu mzima, mbele ya wateja.

Mtoto akapunguza sauti, akaja kunishika bega. Nikamwambia ni kaseti ya baba yake mkubwa, yule asiyemjua. Uso ukamng'aa, maskini. Akaichukua simu yake.

"Basi ngoja nimrushie bibi kule Chilangala, shangazi. Atafurahi."

Nikamshika mkono.

"Usimrushie," nikamwambia. "Bibi yako anaujua."