Kopo Lililokwenda na Mto Songwe

Siku ile mama na wanawake wenzake walirudi na chumvi kutoka Ivuna, bondeni kando ya ziwa Rukwa. Kijijini kwetu Ruanda, juu huku Mbozi, ilikuwa siku kama siku nyingine. Kahawa ilikuwa imeanikwa, moshi wa jikoni umetanda uani, na Anania alikuwa anachonga mpini wa jembe huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo yeye peke yake aliiona nzuri. Anania alikuwa mtoto wa mama mkubwa, na kwetu huyo si binamu, ni kaka.

Mama alipofika kwenye kijito kilicho chini ya shamba letu, hakuvuka. Alitua mzigo, akanawa miguu, akayapungia maji mkono na kusema kwa Kinyiha maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Homa, rudi kwenu." Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Vijito vyetu huishia ziwa Rukwa, na homa kwao ni huko bondeni. Kwa hiyo msafiri huiacha majini ishuke nyumbani kwake, naye hupanda kwake. Sikupata kumsikia mtu yeyote akisema kwamba homa inaweza kupanda mlima.

"Mama," nikauliza, "na kama imeshaingia mwilini?"

"Imepita wapi?"

"Mwalimu anasema inaletwa na mbu."

"Huyo mbu amenisindikiza toka Ivuna mpaka mlangoni kwangu? Mbona hata wajomba zako hawana adabu hiyo!"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chumvi. Anania akainua macho kutoka kwenye mpini wake. "Mama mdogo, mwache huyu. Siku akifa ataliuliza jeneza kwa nini lina kifuniko."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Kwanini.

Hazikupita siku nyingi wakaja watu wa kuandikisha askari wa kwenda kupigana na Wajapani. Wazee walitaka kujua Wajapani wametukosea nini, na hawakujibiwa. Mimi nililiuliza swali hilohilo, sikujibiwa, na bado nikaenda. Nilikuwa nimetoka shule, damu inachemka, na nilitaka kuiona bahari zaidi ya nilivyotaka kujua vita ni vya nani. Anania alikwenda kwa sababu mimi nilikwenda. Alikuwa amechumbia binti wa Nanyala, Tabita, msichana mrefu mwenye maneno machache. Tabita alitusindikiza mpaka kwenye lori. Hakulia.

"Nikirudi tu, harusi," Anania alimwambia. "Sitapumzika hata siku moja."

"Rudi kwanza," akasema Tabita.

Sijapata kufurahi kama nilivyofurahi miezi ile. Treni! Niliitazama mpaka shingo ikauma. Bahari! Niliionja ili nihakikishe kwamba ni chumvi kweli, nikatapika mbele ya kikosi kizima. Ndani ya meli tulilala kama magunia, tukaimba, tukapigana ngumi, tukafundishana matusi ya makabila yote ya Tanganyika. Tulipofika kisiwa cha Seloni kufanya mazoezi, nilikuwa na hakika kwamba dunia yote imeumbwa ili niitazame.

Huko Seloni ndiko tulikoanza kugawiwa vidonge vya manjano vya kuzuia homa, hata kabla ya kuiona Burma. Sajini wetu alisimama mbele ya mstari. Dresa wa kikosi, yaani msaidizi wa daktari, mtu wa Nyasa aitwaye Wiliamu, akapita na bakuli.

"Bwana sajini," nikasema, "kwa nini nimeze dawa ya ugonjwa nisio nao?"

"Kofia yako ya chuma unaivaa lini, Kwanini? Risasi ikishaingia kichwani?"

Kikosi kizima kikapasuka kwa kicheko. Nikameza. Kidonge kilikuwa kichungu kama hasira. Wiliamu alikuwa na masharti yake. Umeze baada ya kula, kwa maji mengi, kila siku, kimoja tu. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili ili kufidia. Na ukitoka kwenye nchi ya homa, umeze tena wiki nne nzima bila kuruka siku.

"Wiki nne za nini, wakati mbu tumeshawaacha?" niliuliza.

"Sijui," akajibu Wiliamu. "Wanaoacha mapema wanaugua. Hilo nimeliona. Sababu yake sijafundishwa."

Jibu hilo lilinichukiza. Nilikuwa bado sijatambua tofauti ya kujua jambo na kujua sababu yake.

Tulifika Burma, na baada ya muda vidonge vikatufanya rangi ya ndizi mbivu. Ngozi njano, viganja njano, mpaka weupe wa macho. Ndipo uvumi ukaanza. Aliyeuvumisha zaidi ni askari mmoja aitwaye Petro, mcheshi, mdomo haufungi. Alisema vidonge vile vinamkausha mwanamume. Kwamba Wazungu wamekaa wakaona tumezidi wingi.

"Utarudi kwa Tabita wako," alimwambia Anania, "ukalale kama gogo. Akikugusa, unakoroma."

"Ushahidi uko wapi?" niliuliza.

"Ushahidi utauona kwa mama yako akikosa wajukuu."

Tulicheka, lakini Anania hakucheka sana. Jioni moja nilimwona anatema kidonge nyuma ya hema. Sikumsema. Na mimi nilikuwa nauamini uvumi nusu, na kumwamini Wiliamu nusu. Siku chache baadaye Anania akaingiwa na hofu ya homa, akameza vitatu kwa mpigo ili afidie siku alizoruka. Alitapika, kichwa kikazunguka, akaongea ovyo mpaka alfajiri. Alimwita kila mtu "mama mdogo", hata sajini. Wiliamu alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Hii ni dawa," alisema. "Haitaki dharau, na pupa haitaki."

Kisha ikaja siku ya mto.

Tulikuwa watu wanane tumelala kwenye majani marefu juu ya kivuko. Wajapani walitarajiwa kupita. Mvua ilikuwa imekatika, msitu umenyamaza. Petro alikuwa kati yangu na Anania.

Nikasikia mlio mdogo. Tik-tik-tik-tik.

Nilidhani ni mdudu.

Yalikuwa meno ya Petro.

Alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamemtoka, jasho limemlowesha. Alijaribu kuuma midomo. Meno yakaendelea.

Wajapani wakatokea. Niliwahesabu mpaka nikaacha. Walikuwa wengi kuliko sisi, mara nyingi.

Anania akavua kofia yake ya kitambaa, akaikunja, akamtia Petro mdomoni. Akamlalia kifua kwa uzito wake wote. Petro alitetemeka chini yake kama mbuzi anayechinjwa.

Mjapani mmoja akasimama. Akasikiliza.

Nilimwona kidevu kisicho na ndevu. Alikuwa kijana kama mimi.

Akaenda zake.

Tulimbeba Petro mpaka kambini. Njiani alikiri, kwa sauti ya kuchekesha maana hata homa haikumnyang'anya ucheshi wake, kwamba tangu tuvuke mpaka hajameza hata kimoja. Wakampeleka hospitali iliyokuwa nyuma ya uwanja wa vita, na hatukumwona tena. Tangu siku hiyo Anania alimeza kila jioni baada ya chakula, kimoja tu, akitoa ulimi kabla hajaamriwa. "Gogo na liwe gogo," alisema. "Tabita atapata gogo lililo hai." Nami niliacha kumwamini Wiliamu nusu, nikamwamini mzima.

Vita viliisha. Baadhi ya wenzetu tuliwaacha chini ya misalaba ya mianzi, lakini mimi na Anania tulikuwa wazima, wa njano, wenye kelele. Kabla ya kuondoka, kila mtu alipewa kopo lake la bati lenye vidonge vya wiki nne. Wiliamu aliniita kando. "Kila mtu na lake. Msigawane. Nusu ya kipimo si kipimo."

Safari ya kurudi ilikuwa karamu inayotembea. Tuliimba melini, tukaimba kwenye treni mpaka Dodoma, tukaimba juu ya lori mpaka sauti zikaisha. Tulipopita Mbeya na kuanza kuteremka kwenye bonde la Songwe, Anania alikuwa amesimama, ameshika paa la lori, analia na kucheka. Upande wa pili wa mto kuna mlima, na juu ya mlima ni Nanyala.

Darajani dereva alisimama kuipoza injini. Anania akaruka chini, akavua buti, akaingia majini. Nilimwelewa kabla hajainama.

"Homa," alisema kwa Kinyiha, kwa sauti ya kufanya abiria wote wageuke, "rudi kwenu!"

Songwe humwaga maji yake Rukwa. Kwa hiyo ilikuwa sawasawa kabisa, kama mama alivyofanya. Abiria wakapiga makofi. Ndipo akatia mkono mfukoni, akatoa lile kopo, akalitupa katikati ya mto.

Kopo likaelea.

"Kaka!" Nilikimbia ukingoni na buti zangu. Nikaingia mpaka kiunoni, nikateleza, nikashika jiwe badala ya kopo. Likapita mwamba, likazunguka mara moja kama linaaga, likaenda. Kwenye lori watu walikuwa wanapiga mbinja.

"Mezea na hayo maji, Kwanini!" Anania alicheka. "Mbona unalifuata kama ng'ombe wa mahari?"

"Wiki nne tangu tuwaache mbu wa pwani. Bado hata moja haijaisha."

"Wiki nne za msafiri. Mimi nimefika. Mlima ule pale. Umewahi kuona homa imepanda ule mlima?"

"Wiliamu alisema..."

"Wiliamu alisema hajui sababu. Wewe ndiye uliyetufundisha kutokubali mambo yasiyo na sababu."

Hapo alinishinda. Hakuwa mjinga, na wala hakuidharau dawa. Aliiamini dawa na aliuamini mto, na akaona kila kimoja kimetimiza zamu yake. Nilimwambia achukue nusu ya kopo langu. Akanikumbusha kwamba nusu ya kipimo si kipimo, akanipiga bega, akapanda lori.

Nanyala walitusikia kabla ya kutuona. Tabita alikuja barabarani, akamtazama Anania kuanzia miguuni mpaka machoni. "Wamekupaka nini?" aliuliza. Ndilo neno la kwanza alilomwambia baada ya miaka ile yote, na Anania alilirudia kwa kila mtu kwa wiki nzima kama mtu aliyepewa nishani. Harusi ikapangwa. Mama alikwenda Ivuna kuleta chumvi ya sherehe. Mimi niliendelea kumeza kila jioni, na watoto wa jirani walikuwa wanakusanyika kunitazama nikikunja uso.

Kisha Anania akasema anasikia baridi.

Kwetu baridi si habari. Ukungu ulikuwa umeshuka, wakamwashia moto. Wakamfunika mablanketi ya jeshi.

Nilikaa karibu naye. Nikasikia tik-tik-tik-tik.

Nilichukua baiskeli ya mwalimu nikaenda zahanati ya misheni. Walinipa kwinini, kidogo iliyokuwapo. Niliporudi alikuwa ananiita Petro. Tulimnywesha, akatapika. Tukamnywesha tena. Mama alikuwa anamnawisha miguu kwa maji ya kijito, anairudisha homa kwao, anairudisha, anairudisha. Sikumwambia aache.

Alfajiri meno yalinyamaza.

Watu wakasema ni kijicho. Wengine wakasema ni roho ya askari ambaye Anania alimuua huko Burma imemfuata. Waliomwosha waliniuliza kuhusu ile rangi, nikawaambia ni ya vita. Alizikwa ngozi yake ikiwa bado njano. Baada ya maziko Tabita alikuja akasimama mbele yangu. Alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akautazama.

"Wewe bado unameza, shemeji?"

"Bado."

"Kwa nini wewe, si yeye?"

Katika maisha yangu yote mimi ndiye niliyeuliza neno hilo.

Jibu nililipata kwenye chuo cha udaktari, ng'ambo ya ziwa Viktoria, baada ya miaka kadhaa, katika somo la asubuhi ambalo wenzangu walikuwa wanasinzia. Mbegu ya homa, alisema mhadhiri, haiingii kwenye damu mara moja. Hujificha kwanza kwenye ini, na huko dawa ile haikuweza kuifikia. Dawa ilikuwa mlinzi wa damu tu. Mlinzi akiondoka mlangoni kabla ya mbegu ya mwisho kutoka mafichoni, itamkuta mwenye nyumba amelala. Ndiyo maana ya wiki za baada ya safari. Msafiri amefika, lakini mbegu bado iko njiani. Nilisimama katikati ya somo bila kujua nimesimama. Homa inapanda mlima. Inapanda ndani ya mtu, na mto unaosha miguu tu.

Likizo ilipofika nilishukia Tunduma, ambako Tabita alikuwa ameolewa na mfanyabiashara, naye alikuwa na kibanda cha chumvi karibu na mpaka. Nilimkuta anapima. Nilimweleza yote, haraka haraka, ini, damu, mlinzi, mpaka nikamchorea kwa kidole kwenye chumvi iliyomwagika mezani. Hatimaye nilikuwa na sababu mkononi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalaza kiganja juu ya mchoro wangu, akausawazisha taratibu.

"Asante, shemeji. Sasa nimejua habari za dawa." Akajikung'uta chumvi mkononi. "Lakini siku ya maziko sikuwa nimekuuliza habari za dawa."

Mteja Mbemba, kutoka upande wa pili wa mpaka, alikuwa anangoja. Tabita akamwitikia kwa adabu ya kwao, "mukwai", akachota chumvi ile ya mezani pamoja na nyingine, akaimimina kwenye mfuko wa mteja.