Mungu wa Mvinyo Nyumbani kwa Mwalimu

Mzee niliyekuwa nikimtunza mtaa wa Walthamstow alikuwa Mwingereza aliyesomesha Unguja ujanani, kisha akasomesha hadithi za Wagiriki wa kale huku London mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa bado kizuri. Nilimwita Mwalimu, naye aliniita mwanangu. Asubuhi nilimwogesha, nikampikia uji, naye akanisimulia juu ya miungu yake.

Aliyempenda zaidi alikuwa mungu wa mvinyo na sherehe. Alinambia mfalme mmoja alikataa kumtukuza, basi mungu akawatia wazimu wanawake wa mji. Wakamvamia mfalme mlimani, wakamchana vipande kwa mikono mitupu. Aliyemng'oa kichwa alikuwa mama yake mzazi, akidhani ameua simba.

"Ndiyo maana pombe kwetu haramu," nikasema.

"Hawakuwa wamelewa, mwanangu. Hilo ndilo linalotisha."

Jumamosi moja adhuhuri alikuja mwanawe, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, amelewa chakari. Alitaka baba yake ahamie nyumba ya wazee. Mwalimu alikataa. Nikiwa jikoni nakata vitunguu nilisikia kishindo, nikachungulia: amemkaba koo babake, anamgonga kichwa ukutani. Ukuta ulikuwa na damu.

Kisu nilikiacha, namshukuru Mungu mpaka leo. Nilichukua kikaango cha chuma nikampiga begani. Akageuka, akanitandika ngumi ya mdomo, jino likakatika. Nikampiga mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Akaanguka.

Hapo ilinipasa kuacha. Sikuacha. Nilimpiga mgongoni, mbavuni, tena mbavuni, na mwili wangu wote ulikuwa mwepesi, kama niko ngomani. Nilikuwa nacheka. Sikujua kama nacheka. Mwalimu ndiye aliyenambia baadaye.

"Basi, mwanangu!" alipiga kelele kutoka sakafuni. "Basi! Utaniulia mwanangu!"

Polisi walikuja, na ambulensi mbili. Mwalimu aliwaambia nimemwokoa, na ni kweli. Mwanawe alitoka hospitali mkono umefungwa plasta, akakiri kosa mahakamani, akafungwa. Mimi sikushtakiwa. Nyumbani mume wangu alinisifu mbele ya wageni, nikaenda jikoni kuosha vyombo.

Sikuweza kuendelea na kazi ile. Siku ya kuaga nilimkuta Mwalimu kitini, kovu bado jekundu juu ya jicho.

"Mwalimu," nikamwambia, "yale mapigo ya mwisho hayakuwa ya kukuokoa."

"Najua. Nilikuwa nakutazama."

Nilingoja anifukuze. Alinishika mkono, mkono ule ule uliokamata kikaango. Halafu akaniuliza kama nina nafasi ya kumtengenezea chai. Nilimtengenezea, tukanywa pamoja, nikaacha funguo za nyumba yake mezani.