Spoti kwenye Barabara ya Sake

Kiswahili chetu hakimtengi anayekimbia kwa raha yake na anayekimbia asife. Wote wanakimbia, basi. Mahali pengine pengine hilo halisumbui mtu. Hapa mjini Goma linasumbua. Ukichanganya miguu kidogo tu barabarani, mtu atakushika mkono na kukuuliza, "Kuko nini?" Haulizi wewe una nini. Anauliza kuko nini, maana ana hakika kuna kitu nyuma yako, na kitu hicho kikishakupita wewe kitamfikia yeye.

Mimi nilipenda kukimbia. Nilianza nikiwa mwanafunzi, na nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi niliendelea, alfajiri, kabla ya kengele. Nilitoka mtaani kwetu Ndosho, nikawapita maseremala wakifungua vibanda vyao na vijana wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa viazi, nikaingia Mugunga, na baada ya hapo nyumba zilianza kupungua. Kushoto ziwa lilifunguka lote. Kulia kulikuwa na msitu wa parki ya wanyama, na juu yake mlima ukitoa moshi wake wa kila siku. Kulikuwa na kilima chenye mikaratusi, na mvua ikiwa imenyesha usiku, harufu yake ilikupanda puani kama dawa ya mafua. Mbele zaidi barabara iliteremka hadi karibu na maji, mahali ambapo wanawake walifulia nguo juu ya mawe meusi ya volkano. Hapo ndipo nilipogeuka. Nilikuwa na furaha pale, na sioni haya kusema hivyo.

Kila uasi uliopita uliikata njia hiyo kipande. Watu walifukuzwa vijijini kwao, wakaja kupiga mahema Mugunga, na mtu akiwa kwenye hema bado lazima apike. Msitu ukawa makala, yaani makaa ya kupikia. Wao siwalaumu. Nawalaumu waliowafukuza, na wale wakubwa waliopakia makala kwenye malori usiku kisha asubuhi wakasema redioni kwamba wakimbizi wanamaliza miti. Mwishoni nilikuwa nakimbia katikati ya visiki na maturubai, nikipunguza mwendo kwa aibu mbele ya wamama waliopanga foleni ya maji.

Lakini tatizo langu kubwa lilikuwa nyumbani, kwa mama. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mapendo volkano ilipolipuka nikiwa mtoto, na moto ule wa mawe yaliyoyeyuka uliifunika nyumba yetu hadi kwenye paa. Mama alinitoa pale akinivuta mkono. Tangu siku hiyo alitundika mfuko nyuma ya mlango, wenye vitenge, tochi na mchele kidogo, na akisikia miguu ya watu wakikimbia, anauchukua na kuondoka. Haulizi. Siku moja mbwa alimfukuza mvulana wa jirani, na kufika saa sita mama alikuwa ameshapita Mugunga. Tulicheka, kwa sababu tungefanya nini? Nilichotaka maishani kilikuwa mambo mawili tu: nikimbie, na mama atulie. Hayakupatana.

Kisha ikatokea siku ambayo nilichelewa kurudi, nikaingia Ndosho kwa mbio kali. Mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akaniona, akajitwika beseni lake akaanza kukimbia. Wa kando yake akafunga kibanda. Wamotari wakageuza pikipiki. Nikatazama nyuma nione wanakimbia nini, nikaona mtaa mzima unakuja, na mimi nikaogopa nikaongeza mbio. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilipofika nyumbani mfuko haukuwepo na mama hakuwepo. Jioni tulimkuta katikati ya mji, amekaa kwenye ngazi za kanisa, miguu imevimba.

Shefu wa avenyi, yaani mzee anayesimamia mtaa wetu, aliniita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Madamu," alisema, "unaogopeshaka batu."

Nilimwambia kwamba wazungu wa mashirika wanakimbia kila jioni kando ya ziwa, kwenye nyumba nzuri, na hakuna mtu anayeacha sambaza zake.

"Muzungu akikimbia, ni spoti," alinijibu. "Weye ukikimbia, batu banajua ni vita."

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Si kwa mzee yule. Alisema kweli. Tulikuwa tumenyang'anywa mambo mengi, lakini kwamba mtu mweusi hawezi kunyoosha miguu yake katika mji wake bila kudhaniwa anaikimbia bunduki, hilo liliniuma kuliko nyumba ya Mapendo. Mzee akakata shauri: nivae treningi nyekundu, na kila nikiikaribia kona yenye watu nipige kelele, "Ni spoti!"

Nikakubali, maana niliitaka njia yangu. Wiki za kwanza nilipita nikipaza sauti huku uso unanichoma kwa fedheha. Baadaye watoto wakaupenda wimbo huo, wakawa wananitangulia: "Ni spoti! Ni spoti!" Muuza sambaza akawa ananipigia makofi. Na mama, ambaye mwanzoni alisimama mlangoni mkono juu ya mfuko, alianza kunisubiri akiwa amekaa. Kisha asubuhi moja nilikuta vitenge vya kwenye mfuko vimefuliwa na kuanikwa uani, mchele umepikwa. Nililia. Nilijiambia, nimemponya mama yangu.

Waasi walikuwa wamekaa miezi mingi kwenye milima ya juu ya Sake, mji mdogo ambako barabara yangu inaelekea. Mabomu tulishayazoea, tukisema tu leo wameanza mapema. Asubuhi ile, nilipoipita Mugunga, niliona barabara nzima inakuja upande wangu. Watu wa kambi walikuwa wamekunja maturubai yao vichwani, na kati yao walitembea wanajeshi waliovua mashati ya kazi. Mwanajeshi mmoja alinitazama na treningi yangu.

"Mama, rudia nyuma," aliniambia. "Huku kumeisha."

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Kwenye kona ya kwanza ya Ndosho watoto waliniona wakaanza: "Ni spoti!" Nikapaza sauti: "Si spoti! Mukimbie!" Wakacheka wakarudia maneno yangu. Muuza sambaza akapiga makofi.

"Leo unatuchezea, Madamu," akasema.

Mama alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia waasi wameshuka, twende.

"Acha mchezo," alisema, akitabasamu. "Keti, upumuzike."

Nilimshika mkono nikamvuta. Aliamka polepole, akatafuta ndala zake, akarudi kufunika sufuria. Nilimpigia kelele kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumpigia mama yake, na hata hapo aliniambia nisiwatishe majirani. Tulikuwa hatujafika kwenye mlango wa uzio bomu lilipoanguka kwa jirani. Kipande cha chuma kilimpata mama mguuni, na hospitalini wakaukata chini ya goti.

Yule mwanamke wa zamani, mwenye mfuko nyuma ya mlango, angekuwa ameshafika mjini. Woga wake ulikuwa akili, nami nikakaa mwaka mzima nikimfundisha kuuacha. Waliotupa bomu ndio waliomkata mguu, najua. Nawachukia kila siku ninapoamka, na chuki hiyo hainipunguzii kitu.

Sasa mji una wakubwa wengine, na sisi bado tuko Ndosho. Asubuhi mama anakaa mlangoni, magongo yake yameegemea ukuta. Juzi aliniona nimekaa tu, chai inapoa.

"Hauendi spoti?" aliuliza.

"Barabara imefungwa, mama."

Motari mmoja alikuwa anapita taratibu mbele ya nyumba akitafuta abiria. "Sake! Sake! Mmoja wa Sake!" Mama alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona, kisha akavuta kitenge chake kufunika goti.

"Ndiyo," alisema. "Imefungwa."