Jina Nililolitaja Wodini

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati, miezi saba tu, katika hospitali moja mjini Sumbawanga. Ilikuwa Juni, baridi ya Ufipa imekaza. Wauguzi walinifundisha kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nimfunge kwa kitenge na kuvaa sweta juu. Mume wangu alikuwa kazini Matai. Aliyekaa nami wodini ni mama yake.

Mama mkwe ni Mfipa, mkulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki tangu utotoni. Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walihama na ng'ombe zao wakaja kukaa bondeni, Muze, na baba yangu ni mzee wa kanisa la walokole. Kwetu mtoto mchanga habatizwi. Anaombewa tu, halafu akishapata akili zake anaamua mwenyewe na kuzamishwa mtoni. Kwa ajili hiyo mimi na mume wangu tulifungia ndoa bomani, na habari ya watoto tukaiacha. Tulisema tutaiongea wakija.

Siku ya nne, asubuhi, nilihisi kifua changu kimetulia mno. Nikachungulia ndani ya kitenge. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Nikapiga kelele. Muuguzi akaja mbio, akamlaza kwenye meza ya dirishani, akaanza kumsugua mgongo na kumpigapiga nyayo.

Mama mkwe alikuwa ameshafungua chupa ya maji.

"Jina," akaniambia. "Nipe jina, mwanangu, upesi."

Ningeweza kusema, mama, subiri. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi sana. Badala yake nikataja jina la marehemu mama yangu. Akamdondoshea mtoto maji kwenye paji la uso, mara tatu, akisema anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Muuguzi hakusimamisha kazi yake.

Mtoto akalia, kilio chembamba kama cha paka. Nami nikalia. Lakini hata kabla sijafuta machozi nilikumbuka kwamba baba angefika kesho yake.

Siku ile sikula. Nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto, na nikipoteza hesabu naanza kupanga maneno ya kumwambia baba.

"Mama, tusimwambie," nilimsihi mama mkwe.

"Mimi sitaanza kusema," alinijibu. "Ila akiniuliza, sitamdanganya mzee wa watu."

Baba alifika kesho yake mchana, koti limejaa vumbi la njia ya kupanda kutoka Muze, mkononi ana kidumu cha mtindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Mjukuu wangu yuko wapi?" Akainama, akamtazama kwa muda mrefu. "Nimekuja kumwombea. Mmeshampa jina?"

Nikalitaja. Uso wake ukalegea, nikaona macho yamejaa.

"Ni nani kalichagua?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kunyamaza. Nikashindwa. "Ni mimi, baba. Jana, wakati anabatizwa."

Mwanamke wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa lake. Baba akavua kofia.

"Nani kambatiza?"

"Ni mimi, mzee," mama mkwe akasema, akasimama. "Mtoto alikuwa anakata roho."

"Kwetu huo si ubatizo, mama."

"Kwetu ni ubatizo. Tena haurudiwi."

Baba akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha, anakwenda mpaka kwenye ukuta, anarudi, anakwenda tena. Nilikuwa na hakika ataondoka bila kuaga. Aliporudi alisimama upande wa pili wa kitanda.

"Wewe ndiye uliyekuwa hapa," akamwambia mama mkwe. "Mimi sikuwepo. Basi tuombe."

Akaomba kwa sauti, kwa muda mrefu, kama anavyoomba siku zote. Mama mkwe akaitikia amina pasipotarajiwa. Halafu wakaanza Baba Yetu kwa pamoja, wakagongana njiani. Mmoja alisema ufalme wako uje, mwingine ufike. Mama mkwe akamaliza mapema. Baba akaendelea na maneno yake ya mwisho, ya ufalme na nguvu na utukufu, na yule mama akamngoja, kichwa ameinamisha, ndipo akafanya ishara ya msalaba. Baba akatazama pembeni.

Mtoto alipona. Sasa ana miaka minne, anakimbiza kuku. Bibi yake alimpeleka parokiani, akaandikwa kwenye kitabu cha ubatizo. Babu yake ananiambia kwa simu kwamba akikua atamzamisha mtoni kwa mkono wake. Wazee hao wawili wanapigiana simu, wanaulizana habari za ng'ombe na za ulezi, na hilo la mtoto hawaligusi.

Juzi mtoto aliniuliza kwa nini babu haweki alama ya msalaba kabla ya kula. Nikamwambia babu naye anaomba, ila anaomba kwa namna yake. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nilibaki jikoni, mikono imelowa, nikiwaza siku atakayoniuliza yeye ni wa wapi, kwa bibi au kwa babu.